Joto la Mombasa: Kabla ya Kununua Kiyoyozi, Panda Juu ya Paa

Kila Februari na Machi, kaskazi ikilegea na hewa ikasimama, maswali huwa yale yale kwenye kundi letu la WhatsApp la wapangaji. Kiyoyozi gani hakili stima sana? Nani ana fundi wa sola wa kuaminika? Jibu langu halina wapenzi wengi: kabla hujatoa hata shilingi, panda juu ukaliangalie paa lako.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi alasiri, lakini paa halipumziki kutwa. Mimi nimepanga Kisauni, orofa ya mwisho, chini ya slabu tupu, na aliyewahi kukaa orofa ya mwisho anaijua adha yake. Saa tatu usiku nje kuna upepo mwanana, watu wako barazani wanapiga soga, ndani dari bado inatoa moto. Zege hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitema wakati ule ule unaotaka kulala. Kiyoyozi ukikiweka hapo, unakilipa kishindane na slabu usiku kucha.

Sisi tuliipaka slabu chokaa. Ni chokaa ya kawaida ya mfuko, ikachanganywa na maji na chumvi kidogo ili ishike. Rangi nyeupe huurudisha mwanga mwingi wa jua angani badala ya kuuacha uzame kwenye zege. Fagia kwanza mpaka vumbi liishe, ziba nyufa zote, kisha paka jioni jua likishapoa, tabaka nyembamba mbili au tatu; tabaka moja nene hupasuka na kubanduka. Vaa glavu na ukinge macho, maana chokaa mbichi huunguza. Slabu ambayo adhuhuri huikanyagi bila viatu sasa inakanyagika, na usiku dari ukiishika haikuchomi kiganja. Ubaya wake ni kuwa masika huiosha, kwa hivyo ni kazi ya kurudiwa. Mwenye uwezo anunue rangi nyeupe ya paa, hudumu zaidi. Paa la mabati usilipake chokaa kamwe, hula ile zinki ya juu. Tafuta rangi nyeupe ya mabati, kisha weka dari na uache matundu ya hewa katikati ya dari na bati.

Ukiwa mpangaji, utaniuliza habari za mwenye nyumba. Ushauri wangu ni kwamba usimwendee na hadithi za mazingira. Mwambie, "Mzee, slabu ina nyufa, mvua zikija itavuja." Hilo atalisikia. Wetu alitoa pesa za vifaa, sisi tukatoa mikono, na vijana wa orofa ya kwanza, ambao joto la juu haliwahusu ndewe wala sikio, nao walipanda kusaidia. Pilau ilikuwepo, sitaficha.

La pili ni upepo. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na watu waliojua hewa inatoka wapi: vyumba virefu kwenda juu, matundu juu ya milango, uwazi katikati ya nyumba wa kuvuta hewa moto juu, na vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli. Sisemi turudie kuchimba matumbawe kwa ajili ya kuta. Miamba ya bahari ina shida za kutosha. Lakini upepo haujabadili njia. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi, na hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Mara ngapi umeona kabati la nguo limesukumwa likaziba dirisha la pekee linalotazama bahari? Lihamishe. Fungua na mlango wa upande wa pili, uweke pazia jepesi kama unaona haya.

Feni haipoozi chumba, hupooza ngozi ya aliye mbele yake. Ukitoka chumbani, izime. Hata hivyo ni rafiki wa mfuko: feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi mzima. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 bila kupumzika humaliza uniti hizo hizo kwa saa 18, yaani usiku mbili tatu tu. Na tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wanaofika 100, na wanaozidi hapo. Ukikaa ngazi ya chini, tokeni zako zinanunua uniti nyingi zaidi.

Jikoni sina mengi. Loweka mbaazi usiku ili ziive upesi, funika sufuria moto usikae sana, na friji isisimame kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Ukuta huo wa magharibi unahitaji kivuli, na hapo ndipo mtaa unapoingia. Panda mwarobaini, lakini uache nafasi ya kutosha na nyumba ili mizizi isije ikatafuta msingi. Wapo wanaosema kwetu ni mwamba mtupu, mti hautashika. Waende Bamburi wakaone msitu uliopandwa kwenye machimbo ya kiwanda cha simiti. Kazi hiyo ilianza mwaka 1971, na mvinje ndiyo iliyotangulia kwenye jiwe lisilo na udongo. Tatizo la mitaa yetu huwa ni nani atamwagilia kiangazi. Sisi kila nyumba ina mti wake, na maji ya kufulia ya suuza ya mwisho ndiyo yanayonyweshwa.

Sola nimeiweka mwisho makusudi. Jirani yetu anayeuza barafu za ukwaju inamfaa, kwa kuwa friza lake hufanya kazi zaidi jua likiwa kali, na paneli zikiinuliwa kidogo hutia paa kivuli. Mimi ambaye stima yangu nyingi huiwasha usiku, betri zingenila pesa kuliko tokeni. Ukiamua kufunga, muulize fundi atatumia vyuma na skrubu za aina gani, maana hewa yetu ina chumvi. Akikuonyesha misumari ya kawaida, mpe maji baridi anywe, kisha msindikize hadi stejini.