Meza ya kujazia risasi nyumbani: anza na chumba, mashine itafuata

Mkuu umesema umehamia Ohio, nyumba ina bezimenti na gereji, una bunduki moja ya kuwindia kulungu na unataka kuanza kujaza risasi zako mwenyewe (yaani kuchukua ganda lililokwishapigwa na kuliwekea fataki, baruti na kichwa kipya), hela ya mashine unayo ila hujui meza uiweke wapi. Mi huu mwaka wa tisa nafanya hii kitu huku Minnesota, ntakujibu kirefu maana watu wengi wanaanza kwa kuulizana presi (ile mashine ya kujazia) gani kali, wakati mimi karibu shida zangu zote zilitoka kwenye chumba.

Kwanza hapa naongelea Marekani tu. Sheria ya serikali kuu haidai leseni ukijaza za kutumia mwenyewe, ukianza kuuza ndo unatakiwa leseni ya mtengenezaji, na jimbo au mji wako unaweza ukawa na masharti yake so ulizia zimamoto na watu wa bima ya nyumba. Nyumbani Tanzania na Kenya risasi ni kitu cha kibali, tafadhali usije ukabeba vifaa kwenye begi ukasema utaendelea likizo.

Mimi nilianza gereji. Kiangazi poa tu, ilipofika Januari mikono inakufa ganzi, huwezi kushika kifataki (kale kakidude ka kitakoni mwa ganda kanakowasha baruti) kidogo vile kwa vidole vilivyoganda, na ukileta chuma baridi sehemu ya joto kinatoa jasho, dai zangu (vyuma vya kufunga kwenye presi vya kurudishia ganda umbo lake) zikapata kutu msimu wa kwanza tu. Baruti nayo haipendi leo joto kesho baridi, inataka sehemu kavu yenye ubaridi wa wastani mwaka mzima. Nikahamia bezimenti, nikaweka meza pale palipokuwa wazi, hatua tatu hivi kutoka kwenye hita ya maji ya gesi. Jirani yangu mzee mmoja mwindaji akashuka kuja kuona, akaangalia kale kamwali ka moto ka bluu kanakowaka chini ya hita muda wote, hakusema kitu, akachukua mkebe wangu wa baruti akapanda nao juu. Nilielewa. Meza ikahamia ukuta wa mbali kabisa wenye mlango katikati, na pembeni nina mashine ya kuvuta unyevu inayofanya kazi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa.

Sasa hili soma taratibu kama una watoto. Kiswahili chetu kina neno moja, risasi ya bunduki na risasi madini (lead, ambayo ni sumu), na ile madini ndo itakayoingia kwenye nyumba yako bila kuonekana. Fataki nyingi zina hiyo risasi madini ndani yake, ikishalipuka masizi yake yanabaki kwenye ganda, halafu wewe unaokota maganda uwanjani unayaleta nyumbani kuyasafisha. Mi nilikuwa nayazungusha makavu kwenye mashine yenye chenga za magunzi ya mahindi, mashine nimeiweka chumba cha kufulia sababu kulikuwa na soketi, nikimaliza nachekecha palepale vumbi linapaa, na nguo za mtoto zimekunjwa pembeni. Mtoto alipofika mwaka akapimwa damu kama wanavyopima huku, ikaja maikrogramu 4 za risasi kwa desilita. Tangu 2021 CDC (taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa huku) wanataka ikifika 3.5 ifuatiliwe, daktari akaanza kuuliza nyumba ni ya mwaka gani, rangi za ukutani zikoje, mi nimekaa pale najua kabisa ni nini. Sitaki mzazi yeyote akae kwenye kile kiti. Siku hizi maganda nayaosha kwa maji na pini ndogo za chuma kisichoshika kutu, hamna vumbi, maji machafu simwagi kwenye sinki la jikoni, nina shati na viatu vya kule chini tu, hamna chakula wala chai mezani, na nikitoka naosha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla sijashika kitasa cha mlango. Kipimo kilichofuata kilishuka.

Sakafu weka ngumu ya kufagilika, usiweke zulia. Baruti au kifataki kikidondoka usichukue vakyumu hata siku moja, mota inatoa cheche, tumia brashi na kizoleo.

Kutunza baruti hapa wengi wanakosea kwa nia njema, wanaifungia kwenye sefu ya chuma. Baruti hii isiyo na moshi ikiwa wazi inaungua kwa kasi, ukiibana kwenye chuma kizito moto ukitokea presha inapanda mpaka sefu yenyewe inageuka bomu. Ndo maana viwango vya NFPA 495 (NFPA ni shirika la kinga ya moto la Marekani) vinasema nyumbani unaruhusiwa mpaka pauni 20 kwenye mikebe yake ya kiwandani, ukizidi hapo mpaka 50 iwe kwenye sanduku la mbao lenye unene wa inchi 1, na fataki zisizidi 10,000. Mi sijawahi kufika hata pauni 8. Kabati langu la mbao lina kufuli la kuzuia watoto, fataki ziko kabati lingine kwenye pakiti zake, sizimwagi kwenye chupa kamwe.

Meza yenyewe nilitengeneza kwa mbao za 2x4, juu plaiwudi mbili za robo tatu inchi nimezigundisha pamoja, nimeifunga na skrubu ndefu kwenye nguzo za ukutani maana presi ukiivuta meza nyepesi inakufuata. Nina presi ya hatua moja (kila ukivuta inafanya kazi moja tu) ya kampuni ya RCBS na kwa anayeanza inatosha. Mizani kaa nayo mbali na tundu la hewa ya joto, yangu ilikuwa inacheza nikadhani mbovu kumbe ni upepo wa tanuru la nyumba, na grain 1 ni kama gramu 0.065 tu so kupumuliwa kunaisogeza. Taa kali iwe juu ya kibao cha matundu unachosimamishia maganda, uweze kuchungulia kila ganda uone baruti ziko usawa mmoja kabla hujafunika na kichwa.

Halafu baruti mezani ni mkebe mmoja tu. Kuna usiku niliitwa juu nikaacha baruti kwenye kipimio, kesho yake nikakuta mikebe miwili imekaa karibu, sikuwa na uhakika ni ipi, yote ile nikaitoa isitumike. Toka siku hiyo nikianza kumimina simu inabaki juu na mke wangu anajua asiniite isipokuwa nyumba inaungua.

Pima umbali wa kutoka hita yako ya maji mpaka ukuta unaoufikiria, niambie pia kama bezimenti ina dirisha na kama chumba cha kufulia kiko hukohuko chini, tuangalie pamoja kabla hujatoboa ukuta.