Saa iweke kando, soma nyuzi za joto

Mwanangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi huku Langoni, Lamu, hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza kama jaribio lako litafaa: wanafunzi wako wa Nairobi wateleke maji matamu, maji ya chumvi, spiriti na mafuta ya nazi, kisha washike saa waone kipi kitatangulia kuchemka.

Saa haitakupa jibu. Dakika hufuata ukali wa moto na wingi wa kilichotelekwa. Maji ya kikombe na ya sufuria kubwa ya arusi huchemka kwa nyuzi zile zile. Unachotafuta ni pale kipimajoto kinapoacha kupanda ilhali moto ungali unawaka. Waandike nyuzi kila nusu dakika, wachore grafu: mstari utapanda, kisha utalala. Wahadharishe na vile vipovu vidogo vinavyoganda mapema kwenye kioo; hiyo ni hewa iliyokuwa majini, bado si mchemko. Na ncha ya kipimajoto isiguse chini.

Maji matamu yatangulie. Hapa kwetu, usawa wa bahari, maji ya visima vya Shela, kijiji jirani, yatachemka karibu na nyuzi 100. Kwenu huko, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyoyakandamiza maji, ni ndogo, yatakomea kwenye 94. Mtoto asije akadhani kipimajoto kimeharibika. Mweleze, maana hilo peke yake ni somo zuri kuliko yote.

Maji ya bahari hayakufai: yanazidi matamu kwa nusu nyuzi tu, na kipimajoto cha shule hakitaonyesha. Tia chumvi mpaka ikatae kuyeyuka, utaona zimeongezeka kama nyuzi nane. Bika, lile kopo la kioo la maabara, usiijaze; chumvi ikituama chini maji huruka.

Spiriti, mwanangu, kamwe usiiweke juu ya moto. Chemsha maji, zima moto kabisa, fungua madirisha, ndipo utumbukize testitubu yenye spiriti kidogo ndani ya maji hayo. Ethanoli, ndiyo iliyo nyingi katika spiriti, huchemka kwa nyuzi 78 usawa wa bahari. Kwenu itakuwa chini ya hapo.

Mafuta ya nazi yaache. Yatafuka moshi na kuungua kabla hayajachemka, na kipimajoto cha nyuzi 110 kitapasuka.

Kila kimoja wakirudie mara tatu, makundi mbalimbali, wala wasichunguliane madaftari.

Babako anakusalimu sana.

Mamako