Spidi 100 na spidi 80: tofauti yake siyo ishirini

Kuna swali ninalopenda kuwauliza vijana ninaowapa lifti kutoka Chalinze. Magari mawili yanakwenda sambamba, moja spidi 80, jingine 100. Ng'ombe anakatiza mbele yao. Madereva wanakanyaga breki mahali pamoja, na breki na tairi ni za aina moja. Lile la 80 linasimama puani kwa ng'ombe. Lile la 100 likifika hapo lina spidi ngapi?

Wengi hujibu 20. Jibu ni 60, na ng'ombe ameshakuwa nyama.

Breki haipunguzi spidi kwa mita, inamaliza nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo hukua kwa spidi mara spidi. 100 mara 100 ni 10,000. 80 mara 80 ni 6,400. Zinabaki 3,600, yaani 60 mara 60. Na hapo nimemhurumia dereva wa 100, maana mguu hauruki kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki papo hapo. Hata ukiwa macho, sekunde moja au moja na nusu inaondoka. Kwa spidi 80, sekunde moja ni mita 22; kwa 100 ni karibu 28.

Sekunde hiyo ndiyo inayowaponza wanaogandana. Mkienda mwendo sawa, gari la mbele unaliona kama limesimama tu, halikukaribii wala halikukimbii, nawe unajisahau. Likishika breki, nafasi yenu inaliwa kabla mguu wako haujahama. Mwenzako akiwa na gari dogo tupu nawe umepakia magunia, ndiyo basi. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu sekunde tatu kabla nawe hujaifikia. Mvua ikinyesha, ongeza.

Usiku, ukiona matawi ya miti yametandazwa kwenye lami, ondoa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Usisubiri kuona taa za lori lililoharibika, huenda halina. Hapo tofauti ya mwendo kati yenu ni spidi yako yote.

Kuovateki nako ni hesabu ya tofauti. Semitrela iko 60, wewe 80: unaizidi kwa mita zisizofika sita kila sekunde. Kuanzia nyuma yake hadi urudi upande wako salama, unahitaji kuizidi kama mita 50, yaani sekunde tisa. Ndani ya sekunde hizo wewe umekwenda mita 200, na basi linalokuja, hata likitii ukomo wake wa 80, nalo limekwenda 200. Kama huoni mita 400 nyeupe mbele, baki nyuma. Na ukibaki, kaa mbali kidogo, kwa sababu ukiligandia lori hutaona kitu zaidi ya turubai lake.