Jibu: Udaktari Muhimbili na vigezo vya chini
Mdogo wangu, umeuliza kama kufikisha vigezo vya chini vya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kunatosha kupata udaktari wa binadamu chuo kikuu cha Muhimbili. Hakutoshi. Vigezo vinakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache, wenye ufaulu mkubwa huchukuliwa kwanza.

Tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, kwa hiyo omba pia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichopo Mbeya. Halafu, tafadhali, usijaze udaktari peke yake. Weka famasia au uuguzi, ila iwe fani utakayoisoma kwa moyo. Binamu yangu alijaza moja tu, akakosa awamu ya kwanza, akalia wiki nzima.

Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).