Kabla ya kulaumu hamira, tazama unga

Skonzi zikitoka ngumu, au zikitandaa kwenye trei kama chapati, kila mtu atakwambia hamira imekufa. Huenda ni kweli, lakini hamira inapimika kwa dakika 10 tu: maji vuguvugu, sukari kidogo, ukiona povu ujue iko hai. Unga ndio hakuna anayeupima.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na oda ya skonzi 60 za hitma. Dukani unga wangu ulikuwa umekwisha, mwenye duka akanipa mwingine. "Ngano ni ngano tu, dada." Nikatia maji yaleyale ya siku zote. Donge likawa tope, nikaongeza unga, nikakanda, nikaongeza tena. Kuumuka liliumuka. Ila kila kidonge nilichoviringa kilikuwa kinalala, na jikoni vikatoka bapa vimegandana, ndani vinamung'unyika. Baadaye ndipo nikasoma paketi: protini gramu 9 kwa kila gramu 100. Ule niliouzoea una 12.

Protini ya ngano ikilowa maji na kukandwa hufanya gluteni, utando unaovutika. Hamira hutoa gesi, utando unaishika, skonzi inapanda. Utando ukiwa dhaifu gesi inapenya, hata uweke hamira ya pakiti nzima. Kwa hiyo kabla ya bei, geuza paketi utafute protini. Wa 8 au 9 ni wa keki na biskuti. Kwa skonzi laini za chai mimi napenda 11 hadi 12. Wa 13 ni mzuri kwa mkate wa boflo, lakini skonzi zake zikipoa huvuta kidogo mdomoni, na watoto hawazipendi.

Ukinunua unga wa kupimiwa, omba uonyeshwe kiroba chenyewe. Wakikuzungusha, fanya hivi nyumbani: changanya gramu 100 za unga na maji kama mililita 60, fanya donge, liache ndani ya bakuli la maji kwa nusu saa. Kisha lioshe polepole mkononi, ukibadilisha maji, mpaka yaache kuwa meupe. Wanga wote umekwenda na maji. Kinachobaki ni kitu cha kijivu, kinanata na kuvutika kama bigijii iliyotafunwa. Kipime. Kikifika gramu 30 hivi, unga huo ni wa mkate. Kikikatikakatika vidoleni, pika nao maandazi.

Kosa la wengi tunaoanza ni kuogopa donge linalonata. Unga wenye nguvu hunywa maji zaidi, na mwanzoni lazima unate. Usinyunyize unga. Lifunike dakika 20, ukirudi utalikuta limetulia lenyewe. Kwa nusu kilo mimi naanza na mililita 300 za maji au maziwa, naongeza kijiko kimoja kimoja, mara nyingi naishia 325. Na tumia mizani, maana kikombe cha unga uliogandamizwa si sawa na cha unga uliochekechwa.

Umebakiwa na unga dhaifu tu na wageni wako njiani? Punguza maji mpaka 270, na vidonge vipange karibukaribu kwenye sufuria yenye kingo vishikiliane vikipanda. Havitakuwa vya kujivunia, lakini vitalika.

Atta, ule wa kahawia, una ladha nzuri, ila pumba zake hukata ule utando na hunywa maji mengi. Theluthi moja ya unga wote inatosha. Unga uliokwisha tiwa bekingi pauda kiwandani usiuguse kwa skonzi za hamira, kwani kwa kawaida ni mwepesi wa protini.

Jambo la mwisho ni daftari. Ngano nyingi inayosagwa kwetu huagizwa nje, kwa hiyo hata paketi ya jina lilelile hubadilika kufuatana na shehena. Kila nikifungua mfuko naandika tarehe na kiasi cha maji ambacho unga huo umekunywa. Wa jana ulitaka vijiko viwili zaidi ya uliopita, na picha ya paketi ni ileile.