Kabla Hujaipeleka Kupigwa Windows

Mara ya kwanza laptopu yangu ilizima nikiwa natunga swali la kumi na nne la mtihani wa Kemia wa kidato cha tatu. Skrini ikageuka bluu, ile sura ya huzuni ikatokea, maneno ya Kiingereza yakapita mbio, na laptopu ikajiwasha upya. Nikadhani ni umeme. Usiku wa siku hiyohiyo ikarudia. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa inazima mara tatu hadi nne kwa siku, na binti yangu anayeitumia kujisomea akawa anaiogopa: anaandika sentensi moja anahifadhi, anaandika nyingine anahifadhi.

Nilifanya tunachofanya wengi. Nikaibeba kwa fundi. "Mwalimu, hii inataka kupigwa Windows tu," akaniambia, akimaanisha kuifuta na kuiwekea Windows upya, kabla hata hajaiwasha. Hakuniuliza inazima ikiwa inafanya nini. Nikalipa shilingi 20,000, jioni nikarudishiwa ikiwa nyepesi kama mpya, na picha za arusi ya mdogo wangu hazimo. Mimi sikukumbuka kuzitoa, yeye hakuuliza. Siku ya tatu skrini ya bluu ikarudi palepale.

Nikairudisha. Safari hii Windows yenyewe ilikwama katikati ya kuingia, ikilalamika kwamba kuna faili limeharibika. Alipofanikiwa jaribio la tatu, akanishauri nianze kuweka akiba ya mashine nyingine, kwa sababu bodi, ile sakiti kuu ya ndani, imekufa.

Bodi haikuwa imekufa. Ninaandika haya kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi ameambiwa maneno hayohayo, na ningependa asipoteze alichopoteza mwenzake. Mashine inayozima ovyo huacha nyayo kila inapozima, na kupiga Windows ni kuzifagia nyayo hizo. Zisome kwanza.

Mimi nilianza na daftari. Nilichukua la maandalio ya somo lililobaki kurasa chache, nikaliweka juu ya meza pembeni ya laptopu, na kila ilipozima aliyekuwa anaitumia aliandika: saa ngapi, alikuwa amefungua nini, chaja imechomekwa au haijachomekwa, chini kuna moto au hakuna, na skrini ilisema nini. Wiki moja tu. Usidharau kazi hii ndogo. Kichwa chetu hukumbuka mara ile iliyotuudhi zaidi, na kusahau nyingine tano ambazo zingetuonyesha njia.

La kuangalia mwanzo kabisa ni namna inavyozima, maana hazizimi kwa namna moja. Kuna ile ya kuzima pap, kama mtu amechomoa waya, bila bluu wala neno. Hiyo mara nyingi ni joto, au chaja, au betri iliyochoka. Kuna ile ya kuganda: mshale hausogei, wimbo unarudia kipande kimoja, taa ya diski imewaka bila kupepesa. Hapo diski ni mshukiwa, ingawa si yeye peke yake. Halafu kuna skrini ya bluu, ambayo watu huiogopa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye huruma kuliko zote, kwa sababu inasema. Windows imejikuta mahali ambapo kuendelea kungeharibu zaidi, ikasimama na kuandika sababu.

Shida ni kwamba inaandika na kufuta. Kama yako inapita haraka mno, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", halafu sehemu ya "Startup and Recovery", uondoe alama ya vema kwenye "Automatically restart". Kuanzia hapo itasimama ikusubiri, nawe uipige picha kwa simu.

Na hata kama hukuwahi, yenyewe inatunza kumbukumbu. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku hichohicho. Utaona kalenda, na alama nyekundu kila siku iliyokuwa na tatizo. Nilipoitazama yangu nilishtuka: alama zilianza wiki mbili kabla ya ule mtihani, programu ndogo zikijifunga zenyewe, nami nikizifungua tena bila kujali. Hiyo niliiona kwenye picha niliyokuwa nimempigia mpwa wangu nikimwomba msaada kabla sijaenda kwa fundi. Kwenye mashine yenyewe ilikuwa imeshafutwa pamoja na kila kitu.

Kuna jambo moja linawapotosha watu wengi hapa. Ukichimba kwenye kumbukumbu za Windows utakutana na tukio namba 41, Kernel-Power, lenye alama ya hatari, na utasema nimemkamata mwizi. Hujamkamata. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ni jirani anayekwambia taa zilizimika saa mbili usiku. Nani amezizima, hajui.

Sasa, maneno ya skrini. Daftari langu la wiki ile lilikuwa na MEMORY_MANAGEMENT mara tatu, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA mara mbili, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara mbili, na moja binti yangu hakuwahi kuisoma. Mpwa wangu alipoyaona alisema, "Shangazi, mbona kila siku inasema lake?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko zile 20,000 zote. Skrini ikirudia maneno yaleyale, na chini yake ikataja jina lilelile la faili linaloishia na .sys, mara nyingi ni draiva, programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa au programu fulani: ya kadi ya Wi-Fi, ya picha, au ya programu ya kuzuia virusi. Unaiondoa au unairudisha toleo la nyuma, na mambo yanatulia. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona jambo la aina hiyo, sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama. Mashine zile zilikuwa nzima kabisa. Lakini maneno yakibadilikabadilika kama yangu, mara nyingi ni kifaa chenyewe, kilicho chini ya programu zote, kinachotikisika.

Hata hivyo sikukimbilia huko moja kwa moja. Nilikwenda na rahisi kwanza, jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na mashine ikapona, hujajifunza kitu, na ikiugua tena unaanza upya.

Joto nilianza nalo kwa sababu huku Tanga, mwezi wa tatu, hata binadamu anayeyuka. Nilifungua kifuniko cha chini, na kati ya feni na matundu ya kutolea hewa kulikuwa na blanketi la vumbi, zito, linabanduka kama kitambaa. Nikalitoa kwa mswaki laini huku feni nimeizuia kwa kidole isizunguke. Kabla ya hapo HWMonitor, programu ya kusoma joto la mashine, ilikuwa inaonyesha nyuzi 91 nikiwa natazama video, baadaye 72. Ilinifurahisha, lakini haikuacha kuzima. Prosesa, ule ubongo wa mashine, inapokaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza mwendo yenyewe, ikizidi hapo inajizima pap kujiokoa, na yangu haikuwa inazima pap. Wala msiiweke juu ya godoro. Godoro linaziba matundu yote.

Diski niliipima kwa programu ya CrystalDiskInfo, dakika mbili tu, ikasema "Good". Ingesema "Caution" ningeacha kila kitu nikahamisha mafaili siku hiyohiyo kabla ya kujaribu lolote jingine, hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu diski inayokufa ukiisumbua unaiharakisha.

Ikabaki RAM, vile vibao vya kumbukumbu ambamo mashine hushikilia kwa muda inachokifanyia kazi.

Mashine yangu ina RAM mbili za GB 4, moja ilikuja nayo na nyingine iliongezwa na aliyeniuzia, maana niliinunua ikiwa imetumika. Nilichomoa chaja, nikatoa betri, nikagusa bomba la maji la chuma kutoa ule umeme wa mwilini, nikazitoa zote mbili. Meno ya dhahabu ya moja yalikuwa na utandu wa kijivu. Hewa ya pwani hii, yenye chumvi, inakula kila chuma. Nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikarudisha mpaka vibanio vya pembeni vikalia tik, tik.

Siku nne kimya. Nyumba nzima ilifurahi. Ijumaa usiku, MEMORY_MANAGEMENT.

Ndipo mpwa wangu akaniwekea MemTest86+ kwenye flashi. Ni programu ya bure, haihitaji Windows kabisa: unazima mashine, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza F12 (nyingine ni F9 au Esc), unachagua flashi, na yenyewe inaanza kuandika na kusoma kila kichumba cha RAM, ikilinganisha ilichoandika na ilichosoma. Iache usiku kucha. Usiku wa kwanza umeme ulikatika, na betri yangu haishiki hata dakika kumi, kwa hiyo kazi ikapotea. Usiku wa pili niliamka saa kumi kasoro kwenda kunywa maji, na sebule yote ilikuwa na mwanga mwekundu kidogo. Mistari ya makosa ilikuwa imejaa nusu ya chini ya skrini na inaendelea kusogea juu. Nilisimama pale na bilauri mkononi. Miezi miwili nilikuwa nimeitazama mashine ile bila kujua inaumwa wapi, na sasa ilikuwa inanionyesha kwa kidole.

Kosa hata moja ni kosa. RAM haina "afadhali". Lakini mistari myekundu haikwambii ni RAM ipi kati ya mbili, au kama ni tundu lake. Nikazibandika karatasi, A na B. A peke yake tundu la kwanza: usiku mzima safi. A tundu la pili: safi. B tundu la kwanza: nyekundu ndani ya dakika tisa. B tundu la pili: nyekundu. Basi. Matundu ni mazima, A ni nzima, B ndiye. Ilinichukua usiku nne, na sikulipa mtu.

Hapo pia nikaelewa kwa nini Windows ilikwama kwa fundi. Faili likitoka kwenye flashi kwenda kwenye diski linapita kwenye RAM kwanza, na likipita kwenye RAM mbovu linaweza kufika limeharibika. Alikuwa anajenga nyumba kwa tofali zilizopasuka, kila mara upya. Na mtihani wangu wa Kemia, ambao siku moja ulifunguka ukiwa na herufi za ajabu katikati ya swali la nane, ulipatwa na hilohilo. Ukishagundua RAM mbovu, kagua mafaili yote uliyoyahifadhi kipindi hicho.

Ukienda kununua, ichukue ile mbovu mkononi usome karatasi yake. Yangu imeandikwa PC3L, na hiyo L ina maana: inatumia volti 1.35, wakati PC3 ya kawaida inatumia 1.5, na mashine inayotaka L inaweza kukataa kuwaka ukiiwekea isiyo na L. DDR4, kizazi cha RAM kilichofuata, haitaingia kabisa, pengo lake liko mahali pengine. Mimi nilipata iliyotumika kwa 25,000, kwa makubaliano na muuzaji kwamba naipima usiku huo na nikiona nyekundu nairudisha asubuhi. Muuzaji asiyekubali hilo, muache.

Baada ya hapo ndipo nilipiga Windows, mwenyewe, kwa sababu ile iliyokuwepo iliingizwa kupitia RAM mbovu na sikuiamini. Kazi hiyo ina mahali pake, nako ni mwishoni. Na msikubali kuwekewa Windows ya kukraki, yaani ya wizi, ambayo inaweza kuja na virusi ndani yake: mashine iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye huwa na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya bodi, ukiweka toleo lilelile halisi la Microsoft kwa kawaida inajitambua ikiingia intaneti.

Si kila kitu ufanye mwenyewe. Betri ikivimba mpaka kibao cha kugusa, kile kinachotumika kama panya, kinainuka, usiibonyeze, usiitoboe, zima na upeleke kwa fundi anayefungua mashine mbele yako. Mwambie maneno haya: inazima hivi, tangu lini, ikisema hivi, nimeshapima hiki na hiki. Fundi mzuri atavuta kiti. Na kabla ya kumkabidhi, toa mafaili yako, hata kama umeambiwa "hakitaguswa kitu".

Picha za arusi nilizipata chache, kwenye simu ya shemeji yangu, zile zilizotumwa kwa WhatsApp, ndogo, ukizikuza nyuso zinafifia. Ile ya mama akimfunga mdogo wangu kanga, ambayo niliipiga kwa kamera ya kuazima, hakuna mwingine aliyekuwa nayo.