Maswali yenu: kwa nini muziki unatusisimua?

*Nikisikia taarab asilia, vinyweleo hunisimama hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Je, ni kawaida? (Msomaji, Zanzibar)*

Ni kawaida kabisa, ndugu yangu. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, tarab, ile hali ya kunogewa na muziki hadi mtu akajisahau. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo wazipendazo. Dopamini, kemikali inayochochea hamu na raha, ilimwagika katika sehemu moja ya ubongo kabla ya kilele cha wimbo, na katika sehemu nyingine kilele kilipofika. Kumbe utamu huanza mtu akiwa bado anasubiri.

Na taarab inajua kusubirisha. Bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, inapigwa; kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zinapokezana, mwimbaji katulia kimya. Mtazame pia mama anayekwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Mstari umemgusa, anainuka, noti kaishika juu, anakwenda kwa madaha kufuata mdundo, anawapita wenzake wote ndipo aifikishe. Ukumbi mzima unasubiri pamoja naye.

*Mimi taarab hunipa usingizi, ila dansi likifika kwenye chemko siwezi kukaa. (Msomaji, Morogoro)*

Nawe unasubirishwa, ila kwa njia nyingine. Katika rumba ya Kongo na dansi letu, mashairi hutangulia taratibu, kisha magitaa yanashika sebene, ndilo hilo chemko lako: kipande kifupi kinarudiwa na kurudiwa, kila mara kimeongezwa kitu kidogo. Mdundo huamsha sehemu za ubongo zinazoongoza viungo hata ukiwa umekaa, ndiyo maana mguu huanza kabla yako. Hapa nina neno na wapiga muziki wa kumbi na redio: msiruke mashairi kukimbilia sebene. Chemko lisilosubiriwa hupoa upesi.

*Mume wangu haguswi na muziki wowote. Ana moyo mgumu? (Msomaji, Mombasa)*

Hapana, dada. Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walieleza kuhusu watu wa aina hiyo: masikio yao mazima, wanafurahia kushinda pesa kama wengine, lakini muziki hauwapi raha. Ndivyo walivyo. Usimlazimishe, wala usikae nyumbani kwa ajili yake. Ukialikwa harusini, nenda ukatunze.